Hatua Tatu Nyuma

Kambi ya Hagadera, Bloku F
4 Septemba 2023

Kwa Mwalimu wangu Elema,

Assalamu alaykum. Wewe ndiwe uliyetufundisha darasa la sita kwamba barua lazima itaje dhumuni lake mapema, basi lisikie: nataka kugombana nawe. Ningekupigia simu, lakini mkeo, Mama Maka, aliniambia siku hizi masikio yako yanasikia radi tu. Kwa hiyo barua nimempa Kadar, dereva wa lori la mbuzi, na majibu umpe yeye yeye akirudi.

Darasa letu la fimbo limefika wanawake kumi na tisa. Tunakutana kwenye uwanja wa shule baada ya Asr, pale pale ulipokuwa ukitufundisha sisi. Wote ni wakata kuni. Unajua hali ilivyo: miti ya karibu imekwisha, sasa wanatembea saa tatu, nne, na huko ndiko wanakoviziwa. Mwezi uliopita wawili walirudi bila kuni na bila viatu, na mengine hawakutaka kuyasema. Mimi sikuwauliza.

Sasa ugomvi wenyewe. Mchezo wako ni mtamu, lakini ni mchezo wa wanaume wachunga ngamia. Nataka kubadilisha mambo matatu. Kwanza, fimbo ndefu hivyo haibebeki na mzigo wa kuni, nataka fupi, ya kutoka kwapani hadi kwenye vidole. Pili, mwanamke aliyevaa jilbabu hawezi kuinua mkono juu ya kichwa, nguo inamfunga, kwa hiyo mapigo yote yatoke chini kwenda juu. Tatu, ile hatua ya mwisho. Ukimwangusha mwenzako fimbo, unainama, unaiokota, unamrudishia kwa mikono miwili, unarudi nyuma hatua tatu. Mwalimu, hiyo naomba niitoe.

Mdogo wangu Leyla, ambaye ulimwacha mtoto wa kamasi na sasa ana miaka kumi na saba na mdomo mrefu kama barabara ya Mandera, ananicheka kila siku. Anasema, "Sasa msee akinivamia huko msituni, nimrudishie stick yake nimwambie turudie?" Nijibu nini?

Mwanafunzi wako,
Hawo


Hadado
17 Septemba 2023

Binti yangu Hawo,

Waalaykum salaam. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na Maka akacheka hadi akamwaga chai. Anasema umechukua ukaidi wangu wote na kuniachia uzee.

Fimbo fupi, sawa. Umefikiri vizuri. Mapigo ya kutoka chini, sawa pia, na nakuongezea: wasipige kichwa wala bega, wapige kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo, pale mfupa ulipojitokeza. Hapo hata mtu mwenye nguvu hushindwa kushika kitu. Na kabla ya yote wautupe mzigo. Najua mwanamke aliyekata kuni tangu alfajiri hataki kuzitupa, atapigana nazo mgongoni. Wafundishe kuufungua ule mkanda wa kichwani kwa mkono mmoja. Rudieni hilo mpaka lichoshe.

Lakini la tatu, hapana. Ng'o. Hivyo ndivyo walivyocheza babu zetu, kabla yangu na kabla ya baba yangu. Aliyeangusha fimbo ameshindwa, na aliyeshinda humrudishia heshima yake. Bila hatua hiyo mchezo wangu ni ujambazi tu, na mimi sikufundisha ujambazi miaka kumi na moja pale Hagadera. Ukiitoa, usiseme umejifunza kwangu. Nasema hivyo bila hasira, lakini nasema kweli.

Mwambie Leyla mdomo wake nimeusikia mpaka huku, mimi niliye kiziwi. Mkono wake wa kushoto unaendeleaje? Alipokuwa mdogo alikuwa akishika kila kitu kwa kushoto, hata kalamu. Mtu wa kushoto ni hatari kwenye fimbo, adui hajui pigo linatoka wapi. Usimlazimishe kuhamia kulia.

Ni mimi,
Mwalimu Elema


Hagadera
3 Oktoba 2023

Mwalimu wangu,

Haya, umeshinda. Hatua imebaki. Sikuweza kuvumilia ulivyosema nisitaje jina lako, maana ni jina lako lililowafanya akina baba kuwaruhusu binti zao kuja. Walisema, "Kama ni mambo ya Mwalimu Elema, ni mambo ya adabu." Bila wewe ningebaki uwanjani na mbuzi.

Na nikikubali jambo nalifanya sawasawa, unanijua. Kila jioni tunafanya mara hamsini. Tupa mzigo, piga kifundo, okota, rudisha, hatua tatu. Wakichoka wanaanza kuruka ule mwisho, basi mimi nasimama pembeni napiga kelele, "Rudisha! Rudisha, Leyla! Kwa mikono miwili!" Hooyo, mama yetu, ananisikia kutoka nyumbani. Anasema yeye hakuzaa mwalimu, amezaa muadhini.

Leyla ni moto, wallahi. Mkono wa kushoto ni kama ulivyosema. Sadia, rafiki yake, ndiye anayecheza adui, na sasa amefunga kifundo kwa kitambaa kwa sababu Leyla hakosei. Leyla bado anacheka ile hatua, anaifanya kwa madaha, anainama kama anamwandalia bwana mkubwa chai. Lakini anaifanya. Juzi nilimuita ghafla nyumbani, nikamrushia mwiko, akaudaka, akanirudishia kwa mikono miwili na kurudi nyuma hatua tatu, bila kufikiri! Tulicheka mpaka Hooyo akatufukuza jikoni.

Wiki ijayo wanaanza kwenda kuni na zile fimbo fupi. Utuombee.

Wako,
Hawo


Hagadera
6 Novemba 2023

Mwalimu,

Assalamu alaykum. Natumaini wewe na Mama Maka ni wazima.

Hapa mvua imeanza kwa nguvu, uwanja umejaa maji, darasa limesimama. Leyla amekwenda Garissa kwa shangazi yetu, anajifunza ushonaji. Ataishi huko sasa. Sadia pia hajatoka nyumbani siku nyingi.

Nina swali moja tu. Ile hatua ya kurudisha fimbo, wewe binafsi ulifundishwa na nani? Ulisema babu zetu. Babu yupi? Naomba unijibu hilo.

Hawo


Hadado
12 Desemba 2023

Binti yangu Hawo,

Usidhani nimekaa kimya kwa jeuri. Barua yako ilikwama njiani, Habaswein, na Kadar na mbuzi wake. Maji yalikata barabara, hakuna aliyeingia wala kutoka, tulikula mahindi makavu hadi meno yakauma. Ameifikisha juzi.

Nimefurahi kuhusu Leyla! Ushonaji ni kazi safi, na mkono wake wa kushoto utawashangaza huko Garissa. Lakini nasikitika kidogo kwa ajili yako, najua ulivyozoea makelele yake. Barua yako ilikuwa fupi mno, Hawo. Mtu akiachwa na mdogo wake huwa hivyo, nami nikaona nikuchangamshe.

Basi sikia aibu iliyonipata. Wakati wa mafuriko, kwa kukosa kazi, nilimwambia Maka aje na mwiko wa ugali anishambulie, nimwonyeshe jinsi tulivyobadilisha mapigo. Akaja. Nikampiga kifundo, polepole, mwiko ukaanguka. Nikainama niuokote nimrudishie kwa adabu. Sijamaliza kuinama, mwanamke huyu akanipiga mgongoni kwa kifuniko cha sufuria! Nikamuuliza, "Maka, mchezo umekwisha, mbona unanipiga?" Akasema, "Nani alikuambia umekwisha? Mimi sikusema."

Nililala siku tatu na mgongo, na siku tatu hizo nikafikiri. Ulikuwa sahihi. Mtu wa msituni hakukubaliana nasi sheria yoyote. Itoe hatua hiyo, Hawo. Mwalimu wako alikuwa mpumbavu na leo amekiri kwa maandishi, weka karatasi hii.

Kadar amebeba pia fimbo. Nimeichonga mwenyewe kwa mti wa haroresa, fupi, ya kutoka kwapani hadi vidoleni, na mpini nimeukunja kidogo umfae mtu wa kushoto. Ni ya Leyla. Mpelekee Garissa, umwambie Mwalimu amesema: hii ni yako, na usimrudishie mtu yeyote chochote.

Lile swali lako la babu, tutazungumza siku nyingine.

Mwalimu Elema


Hagadera
21 Desemba 2023

Mwalimu Elema,

Fimbo imefika. Kadar alinikabidhi mbele ya Hooyo, na Hooyo akauliza ni ya nani, na Kadar masikini akasema ni ya Leyla. Hooyo aliichukua akaingia nayo ndani, mpaka leo hajaitoa.

Leyla hayuko Garissa. Hatuna shangazi Garissa. Leyla alifariki tarehe ishirini na mbili Oktoba, na mimi nilikudanganya, kwa sababu nilikuwa na hasira ya kukuambia na huruma ya kutokukuambia, na sikujua ipi nifuate.

Nitakuandikia mara moja tu, usiniulize tena.

Walikwenda kuni wanne, tarehe kumi na tisa. Wakati wa kurudi Leyla na Sadia walibaki nyuma. Mtu mmoja akatoka vichakani, uso amefunga, ana rungu. Leyla akautupa mzigo kwa mkono mmoja. Akampiga kifundo. Sadia anasema ilikuwa vizuri kabisa, Mwalimu, vizuri kuliko uwanjani. Rungu likaanguka. Yule mtu akashika mkono wake, akapiga kelele kwa uchungu. Njia ilikuwa wazi. Geti la kambi halikuwa mbali.

Leyla akainama. Akaliokota lile rungu. Akampa kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, akasimama wima kama tunavyosimama.

Sadia anasema hata yule mtu alishangaa. Alilitazama rungu mkononi mwake kidogo, kama mtu aliyepewa kitu asichokiomba. Sadia akapiga kelele, "Kimbia, Leyla!" na Leyla akageuza uso kumtazama, na hapo ndipo yule mtu alipompiga.

Alikaa siku tatu hospitalini bila kufumbua macho. Hooyo alimsomea Yasin. Mimi nilikuwa nimeshika ule mkono wa kushoto.

Wewe umepigwa mgongoni na kifuniko cha sufuria ukalala siku tatu. Na yeye siku tatu. Nimeisoma barua yako ya kuchekesha nikatamani niitupe motoni, nikashindwa, kwa sababu ni wewe. Mimi niliomba ruhusa, Mwalimu. Mwezi wa tisa niliomba. Ulisema ng'o.

Hawo


Hadado
3 Januari 2024

Hawo, binti yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nimeshindwa kuandika siku nne. Maka amekaa kando yangu. Sitakuomba unisamehe katika barua hii, si mahali pake. Nitajibu swali lako tu, lile nililolikimbia.

Hakuna babu. Mchezo wa fimbo wa wachungaji hauna hatua hiyo na haujawahi kuwa nayo. Fimbo ikianguka, watu wanapiga vigelegele, mchezo umekwisha, kila mtu anakwenda kunywesha ngamia wake. Hatua ile niliibuni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulicheza kisimani, mimi na Yakub, rafiki yangu wa tangu utoto, tuliochunga pamoja na kulala ngozi moja. Wasichana walikuwa wanatazama. Nikamwangusha fimbo. Yakub akacheka, akageuka kuiokota, na mimi nilikuwa bado nina moto mwilini, vigelegele viko masikioni, nikapiga tena. Nyuma ya shingo. Alikufa kabla ya Asr. Wazee walilimaliza jambo kwa njia yao, na baba yake Yakub alinishika mkono mbele ya watu akasema amenisamehe. Nilikimbilia chuo cha ualimu kwa sababu sikuweza kukitazama kile kisima.

Kisha nikafika Hagadera, mkanizunguka watoto wadogo mkitaka kufundishwa fimbo. Nikaona nikiwafundisha kuinama, kuokota, kurudisha na kujitenga hatua tatu, hakuna mtoto wangu atakayefanya nililofanya. Nikaogopa kusema ni langu, nikasema ni la babu zetu, mkaliamini. Nilikuwa nikiwafundisha toba yangu, Hawo, nami nikawaambia ni mbinu ya kupigana. Ulipoomba uitoe, sikuona wanawake wa kuni. Nilimwona Yakub ameinama. Ndiyo maana nilikataa, na Leyla amekufa kwa sababu hiyo.

Sasa unajua. Hata Maka ameyasikia leo kwa mara ya kwanza, baada ya miaka arobaini ya ndoa.

Elema


Hagadera
16 Januari 2024

Mwalimu,

Nimesoma. Nilitaka nikuchukie, ingekuwa nafuu. Nilijaribu siku mbili.

Lakini si wewe uliyekuwa uwanjani. Mara hamsini kila jioni, ni mimi. Ulimwambia mtu mmoja tu, na mimi nikaliingiza lile neno kwenye mikono ya watoto wa watu kumi na tisa, kwa kelele. Leyla hakukumbuka jina lako siku ile, hakukumbuka babu wala heshima. Mwili wake ulisikia sauti ya dada yake. Nikifumba macho naisikia mimi pia, na hakuna mahali pa kuikimbia hapa, nyumba ni chumba kimoja.

Nakuandikia kwa jambo lingine. Wanawake wameanza tena kwenda kuni, hawana la kufanya, watoto lazima wale. Walikuja kwangu wakasema wanataka darasa, bila ile hatua. Sadia ndiye aliyekuja mbele. Nikasema sawa. Nikasimama uwanjani niwaonyeshe upya. Sadia akanijia, nikampiga kifundo, fimbo ikaanguka, nikawaambia, "Sasa mnakimbia, mnaona?" Nikaangalia chini. Nilikuwa nimeshika fimbo ya Sadia kwa mikono miwili, namrudishia.

Nimejaribu siku tisa. Mwili hausikii. Wao pia hivyo hivyo, wote. Wakijikaza sana hawainami, lakini wanasimama tu pale kwa muda, wamepotea, na muda huo unatosha kumuua mtu. Jana Sadia alikaa chini akalia, nami nikakaa naye, darasa likaisha hivyo.

Sijui kukifundua kitu kilichokwisha kufundishwa, Mwalimu. Hukutufundisha hilo. Wiki ijayo wanakwenda mbali zaidi, upande ule ule.

Hawo


Hadado
22 Januari 2024

Binti yangu,

Naandika haraka maana rafiki yake Kadar, mwenye lori la ngamia, amewasha injini. Barua inatangulia naye. Mimi nafuata na Kadar siku ya Alhamisi, nakaa kwenye kiti cha mbele, Maka ameshanifungia nguo. Waambie wanawake wasitoke kwenda kuni kabla sijafika. Kadar anapakia kuni kutoka huku, kadiri lori litakavyobeba, ziwatoshe siku chache.

Sikia tutakavyofanya. Ukijifunza na rafiki yako, mwili unajua ni rafiki, unataka kumrudishia. Sadia hafai tena kuwa adui wenu. Adui nitakuwa mimi. Nitafunga uso, nitakuja na rungu, sitakuwa Mwalimu wala sitasema salamu. Wewe utakuwa wa kwanza. Nipige kifundo kweli, usinihurumie, mfupa wangu ni mzee lakini una deni la kupigwa. Rungu litaanguka. Wewe kimbia mpaka geti la shule, uguse chuma, upige kelele jina lako. Mimi nitainama kuliokota mwenyewe. Kisha tutarudia, mara hamsini, mara mia, na kesho yake tena, wewe, kisha Sadia, kisha kila mmoja, mpaka miguu yenu izoee kuniacha.

Nimeshapanga kukaa hapo mwezi mzima au hata miwili. Kabla ya hayo yote naomba mwanamume mmoja wa ukoo wenu anionyeshe kaburi. Kama Hooyo yako hataki kuniona, nitakaa nje ya ua, ni haki yake.

Jambo moja la mwisho. Siku ya kwanza au ya pili, Hawo, nitateleza. Magoti yangu si ya kuaminika. Utakuwa umeshaanza kukimbia, na utanisikia nyuma yako nimeanguka, mzee, nahangaika kuinuka, na pengine nitaita jina lako kwa maumivu. Utataka kurudi unishike mkono, kwa sababu wewe ni mtoto mwenye adabu na mimi ndiye niliyekufanya hivyo.

Usirudi. Niache pale chini. Wewe kimbia.

Elema